MREJESHO: Plasta iliyokuwa ikibanduka, nyumba ya babu Uyole

Wakuu, nashukuru sana. Niliuliza kwa nini plasta ya chini inabanduka kila masika kwenye nyumba ya marehemu babu hapa Uyole, Mbeya, ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Mliosema tatizo ni maji mlikuwa sahihi kabisa. Nilibandua plasta yote ya saruji hadi usawa wa dirisha. Udongo wa ndani ulikuwa umelowa tepetepe! Nikachimba mfereji, nikafunga gata, nikaacha ukuta ukauke kiangazi chote, Juni hadi Septemba. Ndipo nikapiga plasta ya chokaa na mchanga, 1 kwa 3, maana chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Mvua za Desemba zimepita, ukuta mkavu. Mama kaugusa kwa kiganja, akanibariki. Imebaki sakafu ya jikoni.