Tupeane uzoefu: kupokezana kijiti usiku kwenye mbio za baiskeli za saa 24

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa waliowahi kukesha kwenye mbio za baiskeli za milimani kwa timu, na nataka tuongelee kupokezana tu. Mazoezi ya miguu kila mtu anajua yake, ila nimeona timu nzuri kabisa zikipoteza muda pale hemani.

Naanza mimi. Niko Arizona, tuliingia wanne kwenye 24 Hours in the Old Pueblo, ile ya Februari jangwani kaskazini mwa Tucson. Inaanza saa sita mchana Jumamosi mpaka saa sita mchana Jumapili, mzunguko kama kilomita 26, na mnapokezana kijiti hemani. Mchana tulienda safi. Saa nane usiku naingia na kijiti mkononi, naita mwenzangu, kimya, naita tena, kimya, jasho linanipoa mgongoni na ile baridi ya jangwani si mchezo, ikabidi niache baiskeli nikimbie na viatu vya pedali mpaka kambini, namkuta jamaa kalala fofofo na simu imeisha chaji. Dakika 25 zikaenda hivyo. Sikumgombeza kwa sababu kosa lilikuwa letu wote, tuliiachia alamu kazi ya mtu.

---

Pole sana kaka. Mimi siendeshi, mume wangu na shemeji zangu ndo waendeshaji, mi natunza saa. Nina daftari, naandika kila mtu katoka saa ngapi na kawaida yake dakika ngapi, usiku namwongezea dakika kumi mpaka kumi na tano maana giza linapunguza mwendo. Anayefuata namwamsha dakika 45 kabla na siondoki mpaka nimemwona kasimama ana kikombe cha chai mkononi. Mtu akikujibu "nimeamka" akiwa bado ndani ya blanketi huyo amelala. Na nani atamwamsha nani mkubaliane jioni mapema, saa tisa usiku hamna mwenye akili ya kupanga. Mi mwenyewe nalala kwa muda wa saa tatu, mdogo wangu anashika daftari.

---

Salamu kutoka Uskoti. Huku tuna Strathpuffer, inafanyika Januari, giza kama saa 17 kati ya zile 24, na mara nyingi kuna barafu au matope mpaka kwenye ekseli. Tatizo letu lilikuwa mtu kusubiri. Ukifika mapema unaganda, ukichelewa mwenzako anaganda. Dawa tuliyopata ni koti moja kubwa la timu, anayesubiri analivaa, mwenzake akitokea analivua na kumvisha palepale, yeye anaondoka bado ana joto na aliyeingia hapati baridi akirudi kambini. Halafu maneno mawili matatu kabla ya kuachana, wapi pana barafu mpya, wapi mtu kaanguka, basi. Betri za taa weka ndoo mbili, zilizojaa na zilizoisha, zisichanganyike kabisa, niliwahi kutoka na iliyoisha nikatembea kwa miguu nikiikokota baiskeli karibu nusu ya mzunguko.

---

Asanteni, hilo la koti nalichukua. Dada, daftari tulianza mwaka uliofuata na hatukupoteza hata zamu moja.

Kitu kingine tulichobadilisha ni hesabu ya usiku. Mzunguko wetu ni kama saa moja na nusu, kwa watu wanne unapata mapumziko ya saa nne na nusu, ukitoa kula, kufuta cheni, kuchomoa miiba ya cholla, ile kaktasi ya jangwani (beba kitana, vidole havifai) na kujiandaa tena, usingizi unabaki kama saa mbili. Sasa usiku kila mtu anapiga mizunguko miwili mfululizo, anapumzika kwa muda wa saa tisa, na makabidhiano ya usiku yanapungua nusu. Ule wa pili unakuwa mzito kweli, dakika kadhaa zinapotea njiani, ila kwetu bado inalipa kuliko kumtafuta mtu kwenye mahema gizani.

Mlioko kwenye timu za watu wawili, nyie mnafanyaje? Hamna wa kushika daftari na hamna wa kumwamsha mwenzake, hapo ndo nataka kusikia.