Django: mgumu (mpagazi) akiongezwa kwenye safari hapati SMS, post_save inaona orodha tupu

Machame_Dev (Moshi)
Wakuu habari za leo. Mfumo ni wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani, nimeujenga kwa Django (fremu ya Python ya mifumo ya wavuti). Modeli ya Safari ina ManyToManyField (uhusiano wa wengi kwa wengi) inayoitwa wagumu, yaani wapagazi wa safari hiyo. Mgumu akipangwa nataka apate SMS. Nimeweka post_save (ishara ya Django inayopigwa kitu kikishahifadhiwa) kwenye Safari, ila safari mpya ikihifadhiwa kupitia admin (kurasa za usimamizi za Django), wagumu.all() inarudi tupu. Nikihariri safari ya zamani, SMS zinawaendea wale wa awali, mpya hapati. Nakosea wapi?

mti_mkavu
Unawahi mno, mkuu. Admin huhifadhi Safari kwanza, post_save inapigwa hapo hapo, ndipo jedwali la kati, linalounganisha safari na wagumu, linaandikwa. Tumia m2m_changed, ishara inayopigwa uhusiano huo ukibadilika. Sender (modeli unayoisikiliza) isiwe Safari wala Mgumu, iwe Safari.wagumu.through, ukikosea hapo hakuna kosa utakaloonyeshwa, itakaa kimya tu. Juu kabisa ya function inayopokea ishara:

if action != "post_add" or not pk_set:
    return

Kisha watumie walio kwenye pk_set tu. Hizo ni id za walioongezwa sasa hivi, waliokuwepo Django imeshawachuja.

Kibo_backend
Na reverse je, yaani kuongeza kutokea upande wa mgumu? Mtu akiandika mgumu.safari_set.add(safari), instance inakuwa Mgumu na pk_set ni id za safari. Usipoikagua, safari namba 7 itamfanya mgumu namba 7 apate SMS isiyo yake.

SMS yenyewe iweke ndani ya transaction.on_commit, itumwe muamala wa kanzidata ukishakamilika tu. Admin inafungia kila kitu kwenye muamala mmoja; ukirudishwa nyuma, mtu ameshaitwa geti la Machame alfajiri kwa safari ambayo haipo kwenye kanzidata.

Machame_Dev (Moshi)
Nimeandika yote kwenye signals.py. Kimya.

mti_mkavu
Faili hilo hakuna anayeliita. Li-import ndani ya ready() ya AppConfig (darasa la mipangilio ya app, kwenye apps.py), kisha uwashe seva upya.

Machame_Dev (Moshi)
Imekubali. Asanteni wakuu.

Kibo_backend
Bado kidogo. Ukibadilisha orodha ya wagumu kwa set() yenye clear=True, wote wanafutwa na kuongezwa upya, kwa hiyo wote wanapata SMS tena. Usitumie clear=True. Na siku utakapotaka kuhifadhi mzigo wa kila mgumu, utatengeneza modeli yako ya kati, tuseme Upangaji. Ukiita Upangaji.objects.create, m2m_changed haipigwi, inapigwa post_save ya Upangaji. Ukiita add() ni kinyume, kwa sababu ndani yake kuna bulk_create (kuhifadhi rekodi nyingi kwa mpigo), na hiyo haipigi post_save. Chagua njia moja timu nzima.