Windows 10 imefika mwisho, mashine ya nyumbani tuihamishie Linux au la?

Wadau hili tulijadili kwa uzito wake. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10, aliyejiandikisha kaongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama halafu basi. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu ukiacha chache sana, kwa hiyo laptopu ya kizazi cha 6 inayowaka vizuri, kioo kizima, kibodi nzima, inaambiwa haifai tena. Mimi hili linaniuma kweli. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini: kama kazi zako za nyumbani ni brauza, kuandika barua, kuangalia video na kutunza picha, hamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, mashine usiitupe.

Mwenzangu mmoja kasema Linux ni ya mafundi, bila kujua kuandika amri kwenye skrini nyeusi utateseka tu. Jamani hiyo ni habari ya zamani. Mwaka 1991 Linus Torvalds alipoitangaza akiwa mwanafunzi pale Helsinki ndiyo, ilikuwa ya wenye fani yao, lakini leo ukiwasha Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, unakuta menyu chini kushoto, saa chini kulia, alama ya kufunga dirisha iko palepale ulipoizoea. Simu za Android zote kiini chake ni Linux na hakuna aliyewahi kuwafundisha watu amri ili wapige simu.

Niwape nililoliona kwa macho yangu. Laptopu ya dada yangu ina RAM ya GB 4 na diski ile ya kuzunguka, ikiwa na Windows 10 unaiwasha unaenda kufanya shughuli nyingine, unarudi feni bado inalia na diski inasoma asilimia 100. Nikashusha Mint, nikaiweka kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikawasha mashine huku nabonyeza F12, nikachagua flashi na mfumo ukafunguka wote kutoka humo bila kugusa diski hata kidogo. Hapa ndipo watu wengi wana haraka na mimi naomba wasiharakishe, kaa humo ndani saa nzima, jaribu sauti, kamera, printa, funga kifuniko ufungue uone kama inaamka. Kwa dada, Wi-Fi haikuonekana kabisa. Nikajua mapema tatizo ni draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya kadi ya Wi-Fi ya Broadcom, basi baada ya kuinstoo nikachomeka simu kwa waya, nikawasha kushea intaneti, nikafungua sehemu ya draiva, nikaweka tiki moja, nikazima nikawasha, Wi-Fi hiyo. Amri hata moja sikuandika.

Mashine ya kaka ndiyo niliyokosea. Installer inakuuliza uiweke pembeni ya Windows au ufute diski yote, nami kwa haraka nikapita kwenye kufuta, na picha za watoto wake za miaka mingi hazikuwa na kopi popote. Hazikurudi. Kwa hiyo mtu akiniambia kuhama kuna hatari simkatalii, ipo, ila iko kwenye dakika ile moja na dawa yake ni kunakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, na kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa uwe umeandika ile funguo ya kurejesha kabla hujagusa chochote.

Wasiohama wapo na nawaelewa. Anayekula kwa Photoshop abaki alipo, Adobe hawajaitoa kwa Linux na njia za kuzungukazunguka zitamchosha. Wa gemu inategemea, tangu Valve, wenye duka la gemu la Steam, walete Proton ya kuchezesha gemu za Windows kwenye Linux mwaka 2018, gemu nyingi za Windows zinacheza, lakini Valorant na Fortnite hazikubali kwa sababu ya mfumo wao wa kuzuia wadanganyifu. LibreOffice, mbadala wa Microsoft Office, inafungua faili za Word vizuri, ila fonti zikikosekana mistari inahama, kwa hiyo CV itume kwa PDF.

Sasa ile hoja ya usalama, kwamba msimbo wa Linux ukiwa wazi kwa kila mtu basi na mhalifu anaingia. Anayesema hivyo ana mfano wa kweli na sitaki kuuficha. Mwaka 2024 mtu aliyejijengea uaminifu zaidi ya miaka 2 ndani ya mradi wa xz, programu ya kubana faili inayotumika ndani ya Linux, mradi uliokuwa unategemea mtu mmoja aliyeelemewa, alipenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft huyohuyo, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde akasema hapana, hapa kuna kitu, akachimba mpaka akaukuta, na distro, yaani aina za Linux, kubwa nyingi zilikuwa bado hazijayaingiza kwenye matoleo yao ya kawaida. Aliweza kuchimba kwa sababu msimbo uko mezani. Ungekuwa umefungwa angeishia kulalamika kwamba inachelewa.

Hoja inayonitikisa mimi ni nyingine kabisa na hamuisemi sana: ikikwama usiku nani atasaidia? Windows hata jirani anaijua, Linux unaweza ukajikuta wewe uliyehamisha ndiye fundi wa ukoo mzima. Kwa dada niliwasha Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo, ili mfumo uweze kurudishwa ulivyokuwa jana, nikamwandikia paswedi kwenye karatasi, na bado nimempa neno langu kwamba akipiga simu nitapokea. Nyie mliokwisha kuwahamisha wazazi wenu, ikikwama anapigiwa nani? Na wewe usipokuwepo?