Mdogo wangu anataka kupewa kifaa cha umeme cha kichwani kwa ajili ya sonona. Tukubali?

Mama Nasra (Northampton)
Assalaam aleikum. Namuuguza mdogo wangu, ana sonona tangu mwaka juzi. Usiku halali, mchana hatoki chumbani, chai namwekea mpaka inapoa na kufanya utando juu. Anameza sertraline, vidonge vya sonona. Juzi muuguzi wa timu ya afya ya akili alipotutembelea alisema kuna kifaa cha kuvaa kwenye paji la uso, kinapitisha umeme kidogo, na atakitumia hapa hapa nyumbani. Mwenyewe anataka. Lakini mama yetu Mombasa kusikia tu umeme, akaangua kilio kwenye simu. Jirani yetu alipigwa shoti hospitalini miaka ya 1980 na mama hajasahau alivyorudi. Je, ni kitu kile kile? Na vidonge aache?

Muuguzi wa Tanga
Wa aleikum salaam dada, pole sana na kuuguza. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili hapa Uingereza.

Si kitu kile kile hata kidogo. Shoti ya hospitalini ni umeme wa miliampia 800 au 900, na kusudi lake ni kuleta degedege fupi ubongoni. Siku hizi mgonjwa hupigwa nusu kaputi kwanza, na kuna mahututi wengi iliowaokoa. Hicho cha mdogo wako ni miliampia 2. Hakileti degedege. Atakaa macho nusu saa, akiongea na wewe, huku sehemu ya mbele ya ubongo ikichangamshwa.

Na kimepimwa. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya watu 174 waliokitumia majumbani kwa wiki 10, nusu yao wakiwa na kifaa kisichopitisha umeme wa tiba bila wao kujua. Waliopata umeme wenyewe, 44.9 kwa mia walifika mahali pa kuhesabiwa wamepona. Wa kifaa cha bandia, 21.8. Kwa hiyo kinasaidia, lakini wengi bado hawakupona, na hilo mwambie mapema asije akajilaumu.

Vidonge asiache! Watu wengi hutumia vyote pamoja. Kama ana chuma kichwani au kifaa kilichopandikizwa mwilini, lazima aseme kabla.

Abuu wa Luton
Mimi nilinunua kile cha kubana kwenye ndewe za masikio, kwa ajili ya wasiwasi. Nalala vizuri zaidi. Si ndicho hicho hicho?

Muuguzi wa Tanga
Hapana kaka, hicho ni kingine, umeme wake ni mdogo zaidi. Nafurahi unalala. Ila NICE, taasisi inayopima tiba hapa Uingereza, walikipitia mwaka 2021 kwa wasiwasi wakasema kinatia matumaini lakini ushahidi hautoshi kukipendekeza kwa wote. Kwa sonona kilijaribiwa kwa watu 236, matokeo yakatoka 2023: hakikukizidi kifaa cha bandia. Ndiyo maana nasisitiza uliza jina la kifaa, usiridhike na neno "umeme" tu.

Mama Nasra
Allah akulipe kheri. Anavaa hijabu, na kila asubuhi anajipaka mafuta ya nazi. Itakuwaje?

Muuguzi wa Tanga
Mafuta ayapake baadaye. Paji lioshwe kwa maji na likaushwe, maana vile vipande vya kifaa vyenye majimaji ya chumvi vinatakiwa vishike ngozi tupu. Nywele zirudi nyuma, avae kifaa, kisha mtandio juu kama kuna wageni. Mwanzoni ni mara tano kwa wiki kwa wiki tatu, halafu mara tatu kwa wiki. Atasikia kuwasha na paji litakuwa jekundu kidogo. Kikichoma, avue na muwapigie timu.

Na akianza kusema hataki kuishi, msisubiri siku ya kifaa. Pigeni 111, namba ya NHS, chagueni 2, mchana au usiku.

Mama Nasra
Nimemsomea mama yote haya. Anauliza kama mara ya kwanza muuguzi atakuwepo, na anataka aone kwa video. Nitawauliza Jumatatu.