Meli yangu ina mtu mmoja wa ziada. Kadi za abiria si zitamuumbua?

Fundi wa Mwanjelwa
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Usiku nikishafunga kazi naandika riwaya, na nimeshajaza kauntabuku mbili. Ni hadithi ya kisayansi ndani ya meli ya kitalii itokayo Yokohama kwenda Honolulu. Ukivuka Mstari wa Tarehe kuelekea mashariki, siku inajirudia: mnalala Jumanne, mnaamka Jumanne. Jumanne ya kwanza melini wamo watu 3,112. Jumanne ya pili wamo 3,113, na njiani hawakutia nanga popote.

Wazo nililipata Ziwa Nyasa, zamani kidogo. Tulitoka Itungi kwenda Mbamba Bay, mwera unavuma, karani akahesabu abiria mara tatu. Kila mara anapata mmoja zaidi ya orodha yake. Kumbe ni mtoto wa miaka kama minne, kajilaza katikati ya magunia ya mchele wa Kyela, kakumbatia chungu cha Wakisi. Kila mama aliyeulizwa alisema si wangu. Tulipofika Lupingu, bibi mmoja akasogea majini, akamwita jina lake, akampokea. Mpaka leo sijui nani alimpandisha.

Sasa swali. Meli za siku hizi kila abiria ana kadi. Kompyuta si itamtambua huyo mtu papo hapo? Ikiwa hivyo, hofu yote inaishia sura ya tatu.

Baharia Mstaafu
Fundi, nimefanya kazi kwenye meli hizo miaka sita. Kadi inasomwa ngazini, unapopanda na unaposhuka. Kompyuta inachukua waliopanda, inatoa walioshuka, basi. Kwa hiyo ya kwako itaendelea kusema 3,112 mpaka watu wahesabiwe kwa macho. Piga king'ora: milio mifupi saba, halafu mmoja mrefu, kila mtu aende kituo chake cha kukusanyikia. Hapo ndipo hesabu itakataa.

Chakula hakitamsumbua, ukumbi wa kujipakulia hakuna anayekuuliza kadi. Kazi ni kulala, maana vyumba vinafunguliwa kwa kadi. Sisi saa tisa usiku tulikuwa tukikuta watu wamepitiwa na usingizi kwenye viti kando ya bwawa. Tunawafunika taulo, tunaendelea kupiga deki. Huyo wako naye afunikwe, na mhudumu ambaye hakumtazama usoni.

Kijana wa Kyela
Kwa nini uende Pasifiki wakati Nyasa tunayo? Kina chake ni kama mita 700, na huko chini maji hayana oksijeni kabisa. Ukiona wingu la kungu, vile vidudu vya ziwani, linavyopanda juu ya maji kama moshi wa shamba, hutahitaji Honolulu.

Mwalimu wa Mafinga
Kamwene fundi. Pasifiki ibaki, Jumanne mbili ndizo zinazoibeba hadithi.

Nakuomba jambo moja: usikate mawasiliano. Waandishi wengi wakitaka kututisha wanaharibu redio kwanza, nasi tumeshazoea. Acha simu ya setilaiti iitikie vizuri. Nahodha apige Yokohama, aambiwe leo Jumatano. Apige Honolulu, aambiwe leo Jumanne. Wote wanasema kweli. Kisha aombe orodha ya abiria kotekote: Yokohama wasome majina 3,112, Honolulu wasome 3,113, kila jina na picha yake. Mimi hapo nitawasha taa ya chumbani.

Tena ningemfuata yule mhudumu wa taulo kuliko nahodha. Nahodha ana watu wa kuwauliza. Mhudumu akisema, ataambiwa amechoka.

Fundi wa Mwanjelwa
Ndaga fijo, wote. Kijana wa Kyela, kungu nitawatumia, nina hadithi nyingine ya kwetu ziwani.

Baharia, sikujua kabisa habari ya ngazini. Jana nimechana kurasa kumi na moja nikaanza upya na mhudumu. Jioni ya Jumanne ya pili anakusanya taulo za bwawani. Aligawa 60, zimerudi 61. Anazihesabu tena sakafuni, moja moja. Zote zina pindo la mashine, mshono mmoja, uzi mweupe. Ile ya mwisho bado ina joto la mtu, na pindo lake limeshonwa kwa mkono.