Nimemaliza chuo, niko Mbozi nachambua kahawa. Niende mahafali au hela ifanye kazi nyingine?

Binti_Mbozi
Habari zenu wakuu. Nimemaliza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, Julai hii, ualimu, Jiografia na Kiswahili. Wenzangu walipanda basi kesho yake tu baada ya pepa la mwisho. Mimi nilikuwa na tranka la vitabu na ndoo mbili, nikaenda zangu stesheni ya TAZARA, nikakata tiketi ya daraja la pili hadi Vwawa. Sababu nyingine ni babu mzaa mama. Alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ile mwanzoni mwa miaka ya sabini, upande wa Mlimba, na hadithi zake zote zilianza na "tulipokuwa tunatoboa mlima na Wachina". Nilitaka nipaone.

Nikapaona. Jua linazama twiga walikuwa wanatushangaa, Ifakara ilinipita nimelala, asubuhi tukaanza kupanda kutoka Mlimba. Kila handaki likija chumba kinakuwa giza tii, na mama mmoja wa Chimala anapiga kelele "Yesu!" upya, hata la saba. Kwenye daraja la mto Mpanga nilichungulia chini nikamuwaza babu, mtu aliyekuwa anaogopa hata ngazi ya kuchumia parachichi.

Sasa niko nyumbani. Msimu wa kahawa huu: tunachuma, tunakoboa, tunaosha, tunaanika kwenye vichanja, na kazi yangu ni kutoa punje mbovu. Nikipita dukani naitwa "mwalimu", halafu linafuata: "Umepangiwa wapi?" Mkeka wenyewe, orodha ya waliopangiwa ajira, haujatoka. Ajira Portal naichungulia kila asubuhi kama mtu aliyetega panya.

Wiki iliyopita nilikwenda kuona kimondo pale Ndolezi. Aibu tupu. Nimezaliwa wilaya hii, kwenye mazoezi ya kufundisha niliwasimulia Kidato cha Kwanza kuhusu tani 16 utadhani nilikipima mimi, na nilikuwa sijawahi kukiona. Nikakishika. Cha baridi, kina vishimo kama mtu kabonyeza udongo kwa dole gumba. Nilikaa pale nusu saa nikijiuliza ni mambo mangapi mengine nimeyasoma namna hiyo.

Haya, swali. Mahafali ni Novemba. Nimebakiza laki tatu na nusu ya bumu la mwisho, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Nauli yangu na ya mama kwenda na kurudi, joho, kula, yote inakatika. Au ninunue vifaranga. Mama hajawahi kufika Dar, na kitenge ameshashona. Nifanyeje?

Mchoma_Mahindi
Dada, joho lenyewe la kukodi, unalivaa na kulirudisha. Cheti utapewa hata usipoenda. Nunua vifaranga. Ila chanja! Mimi walinifia 60 ndani ya wiki moja kwa kideri, nikabaki na banda zuri sana.

Mama Wawili Tukuyu
Mdogo wangu, nilimaliza 2015. Mahafali niliyaacha kwa hesabu hizo hizo zako, nikijua ajira ikitoka nitampeleka mama Dar kwa heshima zote. 2016 serikali ikasimamisha ajira kwa ajili ya uhakiki, nikauza vitumbua. Shuleni niliingia baadaye sana, na sasa mshahara ukitoka Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 yao kwanza. Ile hela niliyookoa hata sikumbuki iliishia wapi. Ninachojua, mama yangu ametundika ukutani picha ya joho ya binamu yangu. Mgeni akiuliza anajibu "huyo ni mtoto wa dada yangu", halafu ananiangalia mimi.

Fundi wa Makambako
Mbona mnampa achague kimoja wakati miezi bado ipo? Binti, muulize mzee malipo ya kahawa ya AMCOS, chama cha ushirika, yanaingia lini, laki tatu yako isibebe safari yote peke yake. Halafu hilo la kuitwa mwalimu usilinunie. Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa Novemba na wazazi saa hizi wana presha. Fungua tuisheni hapo hapo uani. Na safari mwende kwa treni, mbebe ubwabwa wenu.

Mchoma_Mahindi
Ubwabwa wa safari uwekwe limau, usichache njiani.

Binti_Mbozi
Asanteni wote. Mama Wawili, hiyo picha ya binamu imenichekesha halafu ikanikosesha usingizi. Tuisheni nimeanza juzi, wamekuja wanne, mmoja kaleta mkungu wa ndizi badala ya hela na nimepokea. Vifaranga nasogeza mbele, hicho kideri kimenitisha. Baba anasema malipo ya pili yakiingia ataweka nauli ya mama.

Jana usiku ndipo nikamwambia mama kwamba tutakwenda kwa treni. Dar hakuiulizia, wala joho. Kauliza: pale alipofanya kazi baba yake tutapita mchana au usiku? Mimi nilitokea upande wa Dar, huku kwetu sijui. Kuna mwenye ratiba ya kuanzia Vwawa?