Riwaya za Star Wars: zipi zinastahili kusomwa, zipi ziachwe?

Mwanagenzi:
Wakuu, salaam. Filamu zote za Star Wars, hizi za vita vya angani, nimeziona, za zamani na za juzi. Sasa nimehamia kwenye riwaya na ni nyingi mno, sijui pa kushika. Nimeanza na Lost Stars ya Claudia Gray (2015) na imeniteka. Thane na Ciena wamekua pamoja kwenye sayari ya Jelucan, wakaingia chuo kimoja cha kijeshi cha Himaya, ule utawala wa kidhalimu, halafu mmoja akaenda kwa waasi na mwenzake akabaki na kiapo chake. Natafuta za kiwango hicho. Jamaa mmoja ananiambia niende kwa Timothy Zahn, mwingine anasema hizo si rasmi tena tangu 2014. Mnasemaje?

Rubani wa Zamani:
Mkuu, Zahn bila kujiuliza. Heir to the Empire (1991), Dark Force Rising (1992), The Last Command (1993), zisome kwa mfuatano. Kumbuka filamu ya mwisho ilikuwa ya 1983 na watu walishadhani habari imeisha. Akaja huyu na adui asiye na Nguvu, ule uwezo wa ajabu wa akina Jedi, hata chembe. Admeri Mkuu Thrawn anakaa na michoro na sanamu za watu anaotaka kuwapiga, anazitazama mpaka ajue watakosea wapi vitani. Hadi jina Coruscant, ule mji mkuu mnaouona kwenye filamu za 1999 na kuendelea, limetoka kwa Zahn.

Ukimaliza hapo chukua mfululizo wa X-Wing, wa marubani wa ndege za vita za waasi. Rogue Squadron ya Michael Stackpole ni ya 1996, lakini moyo wangu uko Wraith Squadron ya Aaron Allston (1998): marubani ambao kila kikosi kiliwakataa, Wedge Antilles anawaokota na kuwapa nafasi ya mwisho. Utacheka, na ukurasa unaofuata anakufa mtu uliyeanza kumpenda.

The Crystal Star (1994) ipite mbali. Na hiyo Lost Stars ni mapenzi ya vijana, utakua uiache.

Binti Kurasini:
"Mapenzi ya vijana." Kaka Rubani, kitabu kikiwa na msichana anayependa basi si kitabu cha watu wazima? Ciena anaona sayari nzima ya Alderaan ikisambaratishwa naye amevaa sare ya waliofanya hivyo, na anabaki kwa sababu kwao Jelucan kiapo ni heshima ya ukoo mzima. Swali la mtu kutii mamlaka ovu kwa sababu aliapa ni zito kuliko rubani yeyote wa X-Wing. Soma na Bloodline (2016) ya huyohuyo Gray, Leia, yule binti mfalme wa waasi, akiwa seneta kwenye Jamhuri inayooza kwa ndani, ndipo uniambie dada huyu haandiki siasa.

Tena hizo zako zilifutwa. 2014 Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, walisema wazi hazihesabiki. Unamtuma mgeni akasome mambo ambayo hayakutokea.

Rubani wa Zamani:
HAZIKUFUTWA. Tuache kupotosha watu hapa. Disney walinunua Lucasfilm 2012, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya za zamani zitachapwa kwa chapa ya Legends. Zinauzwa hadi leo. "Mambo ambayo hayakutokea", dada yangu, hakuna lililotokea hata moja! Zote ni hadithi! Na huyo Thrawn "aliyefutwa" walimrudisha kwenye katuni ya Rebels 2016, na 2017 wakamwita Zahn mwenyewe aandike riwaya mpya juu yake. Mtu hamfuati aliyemfukuza kama hana shida naye.

Mwana wa Eldoret:
Nyinyi mnagombania stakabadhi. Hizi zote ni bidhaa kama fulana na vikombe. Wahusika ni mali ya kampuni, mwandishi ni kibarua. Riwaya ya kwanza kabisa, ile ya filamu yenyewe, ilitoka 1976 hata kabla filamu haijafika kwenye sinema, na jina juu ya jalada ni George Lucas. Aliyeandika ni Alan Dean Foster. 2020 huyo Foster akajitokeza hadharani kudai mrabaha wake. Mtu amejenga msingi wa nyumba halafu anabisha hodi kudai ujira. Msinieleze fasihi hapo.

Mwanakitabu:
Kwa hiyo kibarua hawezi kuandika vizuri? Hoja gani hiyo, ndugu yangu wa Eldoret. Kudhulumiwa kwa Foster ni suala la haki, si la ubora wa kazi yake. Splinter of the Mind's Eye ya 1978 aliiandika ili ikibidi itengenezwe filamu ya bei nafuu, Han Solo wa kwenye filamu hayumo, na bado ile sayari ya ukungu ya Mimban inakaa kichwani.

Mimi napendekeza Matthew Stover, na nashangaa hajatajwa. Revenge of the Sith yake (2005) inaishinda filamu yenyewe. Kwenye filamu Anakin, yule Jedi kijana, anageuka kuwa mwovu haraka mno. Kwenye kitabu unakaa ndani ya mtu asiyelala, anayeogopa usingizi kwa sababu kila akifumba macho anamwona mkewe Padmé akifa. Na Dooku! Sekunde anayogundua kwamba bwana wake Palpatine, mtawala mwovu, alimtoa kafara tangu mwanzo, nilifunga kitabu nikatembea kidogo.

Halafu Shatterpoint (2003). Jedi Mace Windu anarudi Haruun Kal, sayari aliyozaliwa, kumtafuta mwanafunzi wake Depa Billaba aliyepotelea kwenye vita vya msituni. Sisi Waafrika hiki ndicho kitabu chetu humo.

Mtoto wa Ruzizi:
Chetu kivipi? Mimi ni wa Bukavu, naomba unielezee taratibu. Shatterpoint inafuata nyayo za Heart of Darkness ya Conrad, kila aliyezisoma zote mbili anajua. Conrad alipanda mto Kongo kwa meli, akaandika hadithi iliyotoka 1899: mzungu anamfuata mzungu mwenzake aliyeharibikiwa msituni, na wenye nchi ni vivuli pembezoni, hata kusema ni kwa nadra. Wakati huohuo babu zetu walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Ukachukua umbo hilo ukalipeleka angani, msitu ukabaki uleule: ugonjwa unaomtoa mtu utu. Hapo ndipo petu?

Mwanakitabu:
Mkuu, kitabu umekisoma au umesoma jalada? Tofauti na Conrad, anayekuja kutafuta ni mtoto wa palepale. Windu ni Mkorunnai, mwenyeji wa Haruun Kal. Sehemu za shajara yake anasema "mimi" kwa kinywa chake, na anaona aibu kwamba hawajui watu wake. Na vita havikuletwa na msitu. Vimeletwa na Wabalawai, wanaoingia msituni kuchuma mali na kugongana na wafugaji wenye nchi. Mtu wa Kivu hajui vita vya namna hiyo?

Mtoto wa Ruzizi:
Usinifundishe Kivu. Kitabu nimekisoma hadi mwisho na kukirudia. Hilo la Wabalawai ni kweli limo, lakini tazama Depa anaharibikiwa na nini, na tazama Windu mwenyewe anavyosema juu ya msitu ule, kana kwamba miti ndiyo inayoua. Mwandishi ametaja sababu kisha mwishowe ameisukumia lawama mvua na giza. Kwetu msitu ni chakula na dawa, ndimo watu wanamojificha wakikimbia bunduki. Bunduki ndizo zinazotoka nje.

Mwana wa Eldoret:
Huyu wa Ruzizi ndiye pekee anayesema kitu hapa.

Msafiri:
Sijasoma kurasa zote, najibu swali tu: soma Darth Plagueis ya James Luceno (2012), utaelewa Palpatine alivyopanda ngazi moja moja. Ila usiguse Vector Prime ya 1999, wanamdondoshea Chewbacca, yule rafiki wa Han Solo mwenye manyoya, mwezi mzima.

Mwanagenzi:
Ndugu Msafiri! Chewbacca anakufa?? Haya. Hilo la Shatterpoint limenigusa kuliko yote. Mtoto wa Ruzizi, kama kasoro ndiyo hiyo, mbona ulikirudia?

Mtoto wa Ruzizi:
Kwa sababu ya Nick Rostu. Kijana Mkorunnai, mdomo mchafu, anamjibu Jedi mkubwa kama anavyomjibu muuza duka, anamwambia wazi kwamba huko Coruscant hamjui chochote. Conrad hakumpa Mkongomani yeyote nafasi hiyo. Nakubali Stover alijitahidi kuliko Conrad. Ninachokataa ni kuambiwa nishukuru na kukiita changu.

Mwanakitabu:
Hakuna aliyesema ushukuru. Nimesema chetu kwa maana kwamba tunakijua kinachozungumzwa mle kabla hatujaelezwa. Msomaji wa Ulaya akikutana na Wabalawai anaona kisa cha angani. Wewe uliona Kivu, na ndiyo maana umekasirika namna hii. Kitabu kisichotuhusu hakimkasirishi mtu hivyo.

Mtoto wa Ruzizi:
Tusi nalo linanihusu, ndugu yangu, na si langu.

Binti Kurasini:
Naunga mkono wa Ruzizi kwa nusu. Depa ni mwanamke na ndiye anayepewa wazimu wote. Windu anauma meno na kutoka na akili zake. Hilo mbona wanaume wote humu mmelipita?

Rubani wa Zamani:
Windu hakutoka salama, dada. Soma tena kurasa za mwisho za shajara.

Binti Kurasini:
Nimezisoma. Zinamlilia Depa, lakini anayepewa kalamu ni Windu. Nitajie ukurasa mmoja ambao Depa anaandika yake mwenyewe.